Futi sita na ushee juu ya tuta la udongo

Mtu mrefu wa Bukoba akienda kutafuta baiskeli, ushauri anaopewa haujabadilika tangu enzi za baba zetu: chukua Phoenix kubwa, pandisha kiti mpaka mguu unyooke, umemaliza. Ni ushauri mzuri kwa anayepeleka mikungu ya ndizi sokoni, au anayeteremka kutoka Kibeta asubuhi kuwahi kazi mjini. Ila kwa kijana mrefu anayetaka kujifunza kuruka matuta ya udongo, hakuna maneno yatakayomwangusha mapema kuliko hayo.

Mchezo wenyewe hauna siri. Watu wanalundika udongo, wanaushindilia upate upande wa kupandia na upande wa kushukia, wanaliendea tuta kwa kasi, magurudumu yanaachana na ardhi, wanatua ng'ambo. Vijana wa kusini mwa California walianza kuiga mbio za pikipiki kwa baiskeli zao ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na filamu ya On Any Sunday ya mwaka 1971 ikaeneza homa hiyo. Ndiyo BMX ikazaliwa. Mbio zake ziliingia Olimpiki mwaka 2008 huko Beijing, na upande wake wa mitindo ukaingia katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Wanaoruka udongo tu, bila mbio wala majukwaa ya mbao, wamebaki ndugu wa pembeni wa familia hiyo, na wengi wao wamehamia kwenye baiskeli kubwa kidogo, za magurudumu ya inchi 26.

Anayedhani haya ni ya ng'ambo tu aangalie majirani. Uganda, pale Kitintale nje kidogo ya katikati ya Kampala, vijana walijijengea kwa mikono yao kiwanja cha zege cha kuteleza kwa ubao mwaka 2006, wakati hakuna aliyekuwa akiwafikiria. Rwanda, wilayani Bugesera, kituo cha Field of Dreams kilichofunguliwa mwaka 2023 kwa msaada wa timu ya Israel-Premier Tech kina njia ya mawimbi, yaani matuta madogo mfululizo ambayo mtu huyazunguka bila kupiga pedali hata mara moja. Na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Hayo hayakuwa ya matuta, lakini yamewafanya watoto wengi wa ukanda huu waitazame baiskeli kama kitu kingine zaidi ya kibeba mzigo. Mkoa wetu wa Kagera unapakana na nchi zote hizo mbili.

Anayeanza Kibeta ajue kwamba kiwanja atajijengea mwenyewe. Hilo halinipi wasiwasi, kwa sababu udongo upo, miteremko ipo, na majembe yapo. Kinachonipa wasiwasi ni baiskeli.

Tuanze na kiti, maana ndiko mazoea yetu yanakotudanganya. Baiskeli ya safari hukaliwa. Ya kuruka husimamiwa, na kiti chake kimewekwa kwa ajili ya mapumziko tu. Kwa hiyo kishushwe hadi kinapoishia, kisha pua yake iinuliwe kidogo isije ikakuchoma mapaja unapochuchumaa. Mtu mrefu akikiona kiti kiko chini kiasi hicho atasema baiskeli ni ya mtoto. Asikubali kudanganywa na macho. Urefu wa kiti hausemi lolote kuhusu kama baiskeli hiyo inamfaa kuruka.

Kinachosema ni umbali kati ya nyayo na viganja. Ukiwa umesimama juu ya pedali, mwili wako unaishikilia baiskeli katika sehemu mbili tu: miguu chini, mikono mbele. Nafasi hiyo ikiwa fupi mno, mtu mrefu hujikunja, magoti yanapigana na usukani kila anapopinda, na makalio yanakosa pa kwenda ila nyuma ya gurudumu. Ikiwa ndefu mno, mikono inanyooka kabla hajamaliza kuvuta, na hawezi kuiinua baiskeli.

Lee McCormack, mwalimu wa Marekani aliyeandika vitabu vya ufundi wa baiskeli za milimani, ana kipimo ambacho yeyote anaweza kukifanya uani kwa futi kamba. Vaa viatu utakavyoendeshea. Simama wima, mikono ining'inie, kunja ngumi, kisha mwenzako apime kutoka vifundo vya ngumi hadi ardhini. Rudi kwenye baiskeli: laza fimbo juu ya mishikio miwili ya usukani, upime kutoka kwenye fimbo hiyo hadi katikati ya ekseli inayobeba miguu ya pedali. Vipimo viwili vikikaribiana, baiskeli ni yako. Kwa kanuni yake, mwanamume wa sentimita 190 huangukia karibu na sentimita 85. Nimependa kipimo hiki kwa sababu hakihitaji duka lenye wataalamu. Kinahitaji kamba na rafiki asiyecheka.

Kipimo cha baiskeli kikipungua sentimita tatu nne chini ya chako, bado unaweza kufidia. Tafuta usukani mpana wenye mkunjo wa kupanda juu, na weka pete za kuinulia chini ya shingo yake. Usikimbilie kuweka shingo ndefu inayosukuma usukani mbele, jambo ambalo mafundi wengi hulipendekeza kwa mtu mrefu. Shingo ndefu inakupeleka juu ya gurudumu la mbele, na hapo ndipo hutaki kuwa wakati baiskeli iko hewani. Kikipungua sentimita kumi, hakuna usukani utakaoziba pengo hilo. Tafuta fremu nyingine.

Kwamba haya si manung'uniko ya warefu wavivu, yupo shahidi kutoka bara hili hili. Greg Minnaar wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ana urefu wa takriban mita 1.90 na amekuwa bingwa wa dunia wa kuteremka milima mara nne: 2003, 2012, 2013 na 2021. Mchezo wake ni wa kasi zaidi na ndani yake mna miruko mikubwa kuliko yoyote tutakayoijenga sisi. Kwa miaka mingi alishinda akiwa juu ya baiskeli zilizokuwa fupi kwake, hadi kampuni ya Santa Cruz ikaanza kumtengenezea fremu ndefu zaidi, na fremu kubwa za aina hiyo zikaishia kuuzwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 2013 alitwaa ubingwa nyumbani kwao Pietermaritzburg, tairi likiwa limeishiwa upepo katika kipande cha mwisho. Mrefu kama huyo hakuambiwa ajikunje zaidi. Walirefusha chuma.

Sasa, kijana wa Kibeta hana Santa Cruz ya kumrefushia chuma. Ana mambo mawili ya kuchagua: Phoenix, au baiskeli ya gia ya mtumba.

Phoenix niipe heshima yake kwanza. Ni ya kampuni ya Shanghai, imejengwa kwa chuma kizito, inabeba mzigo ambao baadhi ya pikipiki zingeukataa, na fundi wa chini ya mti anaijua kama anavyojua jina la mkewe. Lakini magurudumu yake ni ya inchi 28 na membamba, breki zake ni za fimbo, uma wake wa mbele umepinda kwa ajili ya kulainisha mashimo ya barabara, na baiskeli nzima ni ndefu kama ngazi. Ukiirusha itaruka. Kutua ndiko kutakakoonyesha tofauti: rimu itakunjika, au uma utasogea nyuma. Kwa mtu mrefu kuna jambo jingine la aibu. Fremu ya inchi 24 ina bomba la juu lililo juu kweli, na siku mguu utakapoteleza kwenye pedali, wanaume wanaosoma hapa wataelewa bila mimi kuendelea.

Baiskeli ya gia ya mtumba, ile ya magurudumu ya inchi 26, ndiyo njia. Chagua ya chuma au ya alumini nene, yenye bomba la juu refu lakini lililoinama kuelekea kwenye kiti. Kimo cha bomba la kiti kisikushughulishe, kwa kuwa nguzo ya kiti utaishusha. Ziogope zile zenye springi mbele na nyuma zilizotengenezwa kwa bei ya chini. Springi laini inameza nguvu yako yote pale unapohitaji kuruka, halafu inagonga mwisho wake wakati wa kutua. Uma mgumu usio na springi ni bora kuliko uma mbovu wenye springi. Gia zote ziondolewe ibaki moja, breki ya nyuma iwe kali, kikapu, kariya na madigadi vitoke. Kisha chukua tochi, uangalie pale bomba la juu na la chini yanapokutana na bomba la kichwa. Ukiona ufa kama unywele, rangi iliyopasuka, au kutu inayotoka kwa ndani, iache hapo hapo dukani. Alumini iliyopasuka isichomelewe na mtu yeyote kwa ajili ya kuruka. Hata fundi bingwa akikuhakikishia, shukuru uende zako.

Baada ya chuma, mwili. Watu huamini mtu mrefu ataruka vibaya kwa sababu ni mzito au kwa sababu ana kimo kirefu. Hesabu inakataa. Ukiondoka kwenye ncha ya tuta kwa kilomita 18 kwa saa, sawa na mita tano kwa sekunde, na ncha ina mwinuko wa digrii 30, utasafiri mita 2.2 hivi kabla ya kurudi kwenye kimo ulichoondokea, utapanda sentimita 32, na utakaa hewani nusu sekunde. Katika hesabu hiyo hakuna pa kuandikia uzito wala urefu wako. Mtoto wa darasa la tano na kijana wa futi sita wakiondoka kwa kasi ile ile watatua mahali pale pale.

Tofauti inakuja kwenye kuzunguka. Mtu mrefu amebeba kifua na kichwa mbali na ardhi, kwa hiyo kosa dogo la kuegemea mbele au nyuma pale kwenye ncha linakuwa mzunguko mkubwa hewani. Viungo vyake pia vinachelewa, kwa kuwa mkono mrefu una safari ndefu ya kukunjuka. Ila viungo hivyo hivyo vina faida ambayo mfupi hana: miguu mirefu ni springi ndefu. Akijua kuikunja na kuikunjua, anameza kishindo cha kutua ambacho mwenzake atakisikia mpaka kwenye meno.

Kwa hiyo kabla ya tuta lolote, jifunze kusimama. Pedali ziwe sawa, moja mbele moja nyuma, visigino vishuke kidogo. Kunja nyonga, yaani makalio yarudi nyuma na kifua kishuke mbele kwa pamoja, uzito ubaki miguuni. Warefu wengi hukunja magoti peke yake na kubaki wima kama mtu anayesubiri basi Rwamishenye. Viwiko vitoke nje. Macho yatazame unakokwenda, maana ukiangalia gurudumu la mbele utalifuata gurudumu la mbele.

Zoezi la pili ni kuinua baiskeli mahali tambarare, na hapa Kagera tumebarikiwa kifaa ambacho California hawana: shina la mgomba. Mkungu ukishakatwa, shina hukatwa pia, na likilazwa njiani linakuwa kizuizi laini, kisichovunja rimu wala goti. Liendee taratibu, isukume baiskeli chini kwa miguu na mikono, inua gurudumu la mbele kwa kurudisha makalio nyuma, kisha acha miguu ilivute la nyuma lifuate. Utalikanyaga mara nyingi. Ni sawa, limewekwa likanyagwe. Ubaya wake ni utomvu: ukishaingia kwenye nguo mama hatakuelewa, na likianza kuoza linateleza, kwa hiyo badilisha mapema.

Halafu mawimbi. Jenga matuta matatu manne mafupi, ya sentimita 30, yaliyo laini kama mgongo, na uyapite bila kupiga pedali. Unapopanda, legeza miguu na mikono baiskeli ije kwako. Unaposhuka, isukume. Ukifanya vizuri, kasi inaongezeka yenyewe, na ndivyo wale vijana wa Bugesera wanavyozunguka njia yao. Kuruka ni somo hili hili, isipokuwa unasukuma mapema kidogo. Mtu asiyeweza kupata kasi kwenye mawimbi hana haraka ya kwenda kwenye tuta.

Tuta la kwanza liwe la meza, yaani katikati pamejazwa udongo na juu ni tambarare. Ukikosea kasi unatua juu ya meza, hutumbukii shimoni. Kimo cha nusu mita kinatosha. Meza iwe na urefu wa mita moja na nusu, na upande wa kushukia uwe mrefu na wa polepole kuliko wa kupandia, mita mbili na nusu au zaidi. Linganisha na hesabu ya pale juu: kwa kilomita 18 kwa saa utaivuka meza na gurudumu lishukie kwenye mteremko, ndiko tunakotaka.

Upande wa kupandia ndio unaoharibiwa na wengi, na warefu ndio wanaoumia zaidi. Kwa pupa watu hujenga mwinuko wa ghafla, mita moja tu ya udongo kisha ncha. Baiskeli ndefu ikifika hapo, gurudumu la mbele linapanda wakati la nyuma bado liko tambarare, kisha la nyuma linapigwa teke na mwendeshaji anarushwa mbele. Dawa ni kuanza mkunjo mapema. Kwa tuta la nusu mita, udongo uanze kuinuka karibu mita mbili kabla ya ncha, kidogo kidogo, kama upinde wa duara kubwa, na pale mwishoni uwe umefika digrii 30, ambazo ni kama sentimita 58 za juu kwa kila sentimita 100 za mbele. Hakuna haja ya kipimo cha mhandisi. Kamba yenye fundo, mambo, na ubao wenye mstari vinatosha. Kasi itoke kwenye mteremko, si kwenye pedali, kusudi iwe ile ile kila mara. Ukihesabu na kimo cha tuta lenyewe, mwanzo ulio juu kwa mita mbili na kitu utakufikisha.

Mahali pa kujenga pana adabu zake. Kibanja cha mtu kisiguswe. Udongo wake mweusi umelishwa samadi na nyasi kwa vizazi, na hata ukipewa haukufai, ni laini, unadidimia. Rweya, ile nyika ya nyasi kati ya vijiji, ina nafasi, lakini udongo wake ni wa kichanga na tuta lake humomonyoka kwa mvua ya kwanza. Isitoshe, rweya nyingi sasa zina mikaratusi na misonobari yenye wenyewe, kwa hiyo anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na umwambie ukweli kwamba unajenga kitu cha kuruka kwa baiskeli, maana atakiona tu. Udongo bora kuliko wote ni wa kichuguu. Mchwa wameshauchekecha, una mfinyanzi wa kutosha, na wazee waliutumia kusakafia nyumba wakijua wanachofanya. Kiini cha tuta kiwe udongo wowote mgumu, kisha ganda la juu, sentimita kumi au kumi na tano, liwe la kichuguu kilichopondwa na kuloweshwa, likapigwa kwa mgongo wa beleshi mpaka ling'ae.

Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo maji ndiyo adui wa kudumu. Chimba mfereji mdogo nyuma ya kila tuta. Jenga masika yanapoelekea kuisha, udongo ukiwa na unyevu, na mvua zikirejea lifunike kwa majani makavu ya migomba. Usiruke juu ya tuta lililolowa. Alama moja ya tairi ikikauka itakurusha pembeni wiki nzima. Novemba, senene wakianza kuanguka, hata marafiki wa kukusaidia kushindilia utawakosa, watakuwa wakiwasaka.

Kuhusu kinga, sitasema mengi. Kofia ngumu ni lazima, na kama hakuna ya baiskeli, ya pikipiki inayofunika kidevu ni nzito na ina joto lakini inafanya kazi. Vikinga vya ugoko vya mpira wa miguu vinazuia pedali isichune mfupa. Raba zenye soli bapa zinafaa. Yeboyebo na kandambili hapana, hata kwa kujaribu mara moja.

Siku ya tuta, lipite kwanza bila kuruka, ukilisukuma kama wimbi. Ongeza mwanzo wako hatua chache kila mara. Magurudumu yataanza kuachana na udongo yenyewe, sentimita tano, kumi. Hapo mrefu hujaribiwa kuvuta usukani kifuani. Asivute. Mikono inamfuata tu; nguvu inatoka miguuni, kwa kusimama juu ya mkunjo kama anayeruka kutoka ardhini, na kumaliza kusimama pale pale ncha inapokwisha. Akisimama mapema pua ya baiskeli itashuka, akichelewa atabaki nyuma na kutua kwa gurudumu la nyuma peke yake. Hewani akunje tena miguu, baiskeli ije juu kwake, halafu auelekeze usukani chini kufuata mteremko. Gurudumu la mbele likitangulia kidogo kugusa upande wa kushukia, ametua vizuri.

Tuta lenye pengo katikati lisubiri. Wengine wanalikimbilia kwa sababu linapendeza kwenye simu. Kipimo changu ni hiki: weka ganda moja kavu la mgomba pale meza inapoishia na jingine mita moja chini ya mteremko. Ukiweza kutua kati ya maganda hayo mara kumi mfululizo, pamoja na siku ambayo upepo wa ziwa unavuma, chukua beleshi uanze kuchimba meza kidogo katikati. Na kila baada ya mazoezi pindua baiskeli, kaza nati za magurudumu, zungusha rimu uone kama inapepesuka, na urudi na tochi kwenye bomba la kichwa.